Pumzi, maji baridi, kalamu au mtu wa kumwambia: ipi inakufaa hisia zikipanda?

Ushauri kuhusu msongo wa mawazo mara nyingi hutolewa kama orodha: vuta pumzi, fanya mazoezi, andika, ongea na mtu, tafakari. Orodha hiyo haina ubaya, ila haimsaidii mtu kuchagua. Mtu ambaye moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka hawezi kukaa akaandika kurasa mbili. Na yule aliyelemewa na huzuni kwa wiki kadhaa hatapata nafuu kubwa kwa kunawa uso na maji baridi. Njia zote mbili ni nzuri, lakini kila mmoja kapewa ya mwenzake.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, jiulize maswali mawili. La kwanza, hisia imepanda kiasi gani? Ipe alama kati ya 0 na 10, 0 ukiwa umetulia kabisa, 10 ukiwa karibu kupiga ukelele au kuvunja kitu. La pili, inatoka wapi? Kuna wakati mwili ndio umetangulia: usingizi haujatosha, njaa inauma, kahawa imezidi. Kuna wakati ni wazo moja linalozunguka kichwani bila kukoma. Na kuna wakati ni jambo la kweli lililoko nje yako, deni au ugomvi au kazi isiyo na mwisho, ambalo halitaondoka hata ukitulia namna gani.

Kwangu mimi swali la kwanza ndilo linaloamua mengi, na ndilo watu huliruka. Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapohisi hatari: adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza kasi, damu nyingi inaelekezwa kwenye misuli, tumbo linapunguza kazi yake. Mwili hautofautishi sana kati ya mnyama mkali na ujumbe wa ukali kutoka kwa mkuu wako wa kazi. Mtu akiwa katika hali hiyo, kumwambia "fikiria vizuri" ni kumtwika kazi asiyoiweza kwa dakika hizo. Kwanza mwili ushuke, ndipo maneno yaingie.

Alama 7 na kuendelea: pumzi au maji baridi?

Hizi ndizo njia mbili za haraka, na zote zinaanzia mwilini.

Pumzi ina faida moja kubwa: unayo popote ulipo. Unaweza kuitumia kikaoni, ndani ya basi, mbele ya mtu anayekufokea, na hakuna atakayejua. Lakini wengi hufundishwa vibaya. Mtu aliyeshikwa na hofu akiambiwa "vuta pumzi ndefu" huanza kuvuta hewa nyingi, haraka haraka, kifuani. Kabondayoksaidi kwenye damu inapungua, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinafanya ganzi, na yeye anadhani sasa ndiyo anakufa. Nguvu ya pumzi iko kwenye kuitoa. Ukivuta, moyo huongeza kasi kidogo, ukitoa, hupunguza. Kwa hiyo kila unapotoa kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, unaupa moyo nafasi ya kupoa.

Namna ninayoipendelea ni hii. Vuta kwa pua mpaka mapafu yakaribie kujaa, kisha kabla hujatoa, ongeza kijipumzi kingine kifupi juu yake. Halafu iachie yote kwa mdomo, polepole, mpaka usikie mabega yameshuka yenyewe. Rudia mara tatu au nne. Ndivyo mwili unavyofanya bila kuambiwa baada ya mtoto kulia kwa kwikwi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa watu zoezi hilo kwa dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja, wengine wakafanya tafakuri kwa muda uleule. Makundi yote yalipungukiwa wasiwasi, ila waliotoa pumzi ndefu ndio waliochangamka zaidi.

Maji baridi yana nguvu zaidi, lakini yanahitaji mahali. Jaza beseni maji ya baridi, yasiwe ya barafu tupu, inama, zuia pumzi, kisha zamisha uso kuanzia kwenye paji hadi mashavuni kwa sekunde 15 hadi 30. Eneo la kuzunguka macho na pua likiguswa na baridi wakati umezuia pumzi, mwili unafanya kama umepiga mbizi na unapunguza mapigo ya moyo. Huchagui kuitikia, mwili unaitika wenyewe. Mwanasaikolojia Marsha Linehan, aliyeasisi tiba ya watu wenye hisia kali kupita kiasi, ameliweka zoezi hili kati ya yale ya dharura, na ni kwa sababu hiyo: halihitaji akili iliyotulia. Kama huna beseni, kitambaa kilicholowa maji ya baridi juu ya macho na mashavu kinasaidia, ingawa kwa nguvu ndogo.

Ipi uchague? Anza na pumzi, kwa sababu ndiyo utakayokuwa nayo. Lakini kuna watu ambao kuifuatilia pumzi yao kunawaongezea hofu, hasa waliowahi kukabwa au kupatwa na mishtuko ya hofu ya ghafla. Hao wasijilazimishe, maji baridi yanawafaa zaidi, au kuyaleta macho na masikio nje ya mwili: kutaja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, sauti nne unazozisikia, na kuendelea hivyo. Upande wa pili, mwenye maradhi ya moyo au anayetumia dawa zinazopunguza mapigo amuulize daktari kabla ya kuzamisha uso kwenye maji ya baridi. Pumzi yake inamtosha.

Hasira ina kanuni zake

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo ushauri mbaya ulipoenea. Watu wanaambiwa waitoe hasira: piga mto, piga kelele, vunja sahani, foka mpaka iishe. Inapendeza kuisikia, na unapoifanya unajisikia kama umetua mzigo. Ila ushahidi unakwenda kinyume. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman aliwachokoza watu, kisha baadhi yao wakapiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Wakatoka wakiwa na hasira na ukali kuliko wale waliokaa kimya bila kufanya lolote. Kupiga huku unamuwaza mtu ni kufanya mazoezi ya kumpiga.

Mapitio ya tafiti 154 yaliyochapishwa mwaka 2024, Bushman akiwa mmoja wa waandishi, yaliongeza jambo ambalo huwashangaza hata wapenda mazoezi: shughuli zinazoushusha mwili, kama kupumua polepole, kulegeza misuli, tafakuri na yoga, ndizo zilizopunguza hasira. Kukimbia kulielekea kuiongeza. Si kwamba kukimbia ni kubaya. Ni kwamba mwenye hasira tayari mwili wake umepanda, na kukimbia kunaupandisha zaidi. Mazoezi ya jasho yanafaa sana dhidi ya msongo wa kila siku. Yaweke asubuhi au jioni ya kawaida, si dakika tano baada ya kutukanwa.

Sasa linganisha kufoka na kukaa kando. Kukaa kando kunashinda, kwa sharti moja: kusigeuke kuwa kununa. Mtu anayenuna anaondoka bila neno, anabamiza mlango, na kule alikokwenda anaendelea kuipanga hotuba atakayomwaga. Mwili wake haushuki hata kidogo. Anayekaa kando kwa faida hutaja muda: "Nimekasirika, sitaki kusema maneno nitakayoyajutia. Nipe nusu saa, nitarudi tuzungumze." Kisha anakwenda kufanya kitu kinachoshughulisha mikono, kuosha vyombo au kumwagilia maua, na anarudi kweli. Kurudi ndiko kunakomfanya mwenzake amwamini safari ijayo akiomba tena nusu saa. Bila kurudi, kwa yule aliyeachwa ni dharau.

Mwili uliokaza: mazoezi, kulegeza misuli au tafakuri?

Hapa tunazungumzia alama 4 hadi 6, ule msongo wa kudumu unaokaa kwenye shingo na taya.

Kwa nguvu ya muda mrefu, mazoezi ndiyo ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Humlaza mtu vizuri, na usingizi ndio unaoamua kesho yake atakasirika kwa lipi. Udhaifu wa mazoezi ni kwamba faida yake inahitaji wiki kadhaa, na siku ukiwa umechoka roho ndiyo siku miguu inapokataa.

Kulegeza misuli hakuhitaji miguu. Daktari wa Marekani Edmund Jacobson aliandika kitabu juu ya mbinu hii mwaka 1929, na mpaka leo inatumika. Unakaza kundi moja la misuli kwa sekunde kama 5, tuseme ngumi, kisha unaachia ghafla na kuusikiliza mkono ukilegea. Unahamia mabegani, usoni, tumboni, mpaka vidole vya miguu. Mtu ambaye kila akiambiwa "tulia" hajui aanzie wapi hufanikiwa hapa, maana anapewa kitu cha kufanya. Ni njia nzuri ya kitandani.

Tafakuri ya kukaa kimya na kuyaangalia mawazo yakipita nayo ina sifa zake. Mwanasayansi wa Marekani Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo yake huko Massachusetts mwaka 1979, akiwapokea wagonjwa wenye maumivu sugu, na mafunzo ya aina hiyo sasa yametapakaa duniani. Mwenye imani atapata utulivu wa namna hiyo katika sala. Ila ni stadi ya kujenga kabla ya dhoruba. Usiianze siku uliyofiwa, ukakata tamaa kwamba imekushinda.

Kalamu au mtu wa kumwambia?

Hili ndilo chaguo gumu, kwa sababu zote mbili ni kutoa ya moyoni, na zote mbili zinaweza kukugeukia.

Kalamu hutunza siri. Haikatizi, haikuhukumu, haitamwambia jirani. Mwaka 1986 watafiti James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo kuandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya tukio lililowaumiza sana maishani. Wakimaliza, walikuwa na huzuni zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo ukiandika usiku huu ukajikuta unalia, haina maana kwamba kalamu imekosea. Weka muda, ukiisha funika daftari, oga, kisha fanya jambo jepesi. Na kama maumivu ni ya jana tu, ya kifo au ya kushambuliwa, usiharakishe kuyaandika kwa undani. Subiri yapungue makali.

Namna ya kuandika ina uzito pia. Kuna kuandika kunakosogea: "Nilikasirika aliposema vile, nadhani kilichoniuma ni kwamba hakuniuliza kwanza, kesho nitamwambia." Na kuna kuandika kunakozunguka: kwa nini mimi, kwa nini kila mara mimi. Ukiona kurasa za wiki nzima zinasema jambo moja kwa maneno yaleyale, kalamu imefika mwisho wa uwezo wake. Ni wakati wa kutafuta mtu.

Kwa wasiwasi wa usiku wa mambo ya kesho, kuna namna fupi zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba walioandika kwa dakika 5 kabla ya kulala orodha ya kazi zinazowasubiri walipata usingizi takriban dakika 9 mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kuzimaliza. Kadiri orodha ilivyokuwa na mambo mahususi, ndivyo walivyowahi kulala.

Mtu ana kitu ambacho kalamu haina: uso unaokuitikia. Ukimwambia mtu ukamwona ameelewa, upweke unapungua, na upweke ni nusu ya mzigo. Lakini uwezo huo unategemea nani na kwa mazungumzo gani. Mwaka 2002 mtafiti Amanda Rose alieleza hali ya marafiki wanaorudia tatizo moja kila wakikutana, wakilichambua na kulichokonoa. Urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, na huzuni na wasiwasi navyo vilikuwa juu zaidi. Rafiki wa namna hiyo anakupenda, hakuna shaka. Ila mkiachana unarudi nyumbani ukiwa na alama 8 badala ya 5.

Chagua mtu anayeweza kunyamaza, kisha akuulize, "Sasa unafikiri utafanyaje?" Na umrahisishie kazi kwa kumwambia mapema unataka nini. Sema, "Nataka unisikilize tu, sitaki ushauri leo," au kinyume chake. Ugomvi mwingi kati ya watu wanaopendana huzuka hapo: mmoja alitaka kusikilizwa, mwenzake akaleta masuluhisho matatu.

Mimi ningesema hivi: jambo lenye aibu lianze kwenye daftari, mpaka upate maneno yake. Jambo lenye uchungu wa kuachwa, kufiwa au kudharauliwa lianze kwa mtu, maana karatasi haitakukumbatia.

Kuimeza, kuipa jina, kuitazama upya

Kuimeza hisia ndiyo njia ya wengi, na kwa dakika chache si dhambi: kuna wakati lazima umalize kikao kwanza. Tatizo ni kuifanya desturi. Majaribio ya James Gross na Robert Levenson mwaka 1993 yalionyesha kwamba anayezuia hisia isionekane usoni haifuti ndani. Baadhi ya dalili za mwili hata huongezeka. Kuzuia mawazo nako hakuna heri. Daniel Wegner aliwaambia watu mwaka 1987 wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akawajia tena na tena.

Kuipa jina kunagharimu kidogo na kunasaidia. Katika utafiti wa mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake waliona kwamba watu walipochagua neno la hisia iliyo kwenye picha ya uso, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, ilipunguza kazi yake. Kwa hiyo badala ya "najisikia vibaya", tafuta neno lenyewe: nimedhalilika, nina wivu, nimechoka, nina hofu ya kuachwa. Kila moja lina dawa tofauti. Aliyechoka anahitaji kulala, mwenye wivu anahitaji mazungumzo.

Kuitazama upya ni kujiuliza kama kuna maelezo mengine: huenda hajajibu kwa sababu simu imezima, si kwa sababu amekuchoka. Kati ya hizi tatu ndiyo inayodumu zaidi, lakini usiilete mapema. Utafiti wa Gal Sheppes na wenzake mwaka 2011 uliwaacha watu wachague wenyewe, na hisia ilipokuwa nyepesi walipendelea kuitazama upya; ilipokuwa nzito walipendelea kuupeleka uangalifu kwingine kwanza. Nadhani hiyo ni busara waliyoifikia bila kufundishwa. Ndiyo maana pia maneno "mshukuru Mungu, wengine wana shida zaidi" humkera aliyefiwa hata kama ni kweli.

Kuupeleka uangalifu kwingine, basi, si uoga. Kupika, kuimba, kucheza na mtoto, kutengeneza kitu kilichoharibika: vyote ni halali kwa saa moja au jioni nzima. Kipimo changu ni kimoja tu. Ukimaliza, unaweza kulishika jambo lile vizuri kuliko mwanzo? Simu inayopekuliwa hadi usiku wa manane haifaulu kipimo hicho. Pombe nayo inamwahisha mtu kulala kisha inamvurugia nusu ya pili ya usiku, na asubuhi wasiwasi unamkuta na usingizi mdogo.

Pale kutulia kusipokuwa jibu

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman waligawa mwaka 1984 njia za kukabili msongo katika makundi mawili: zinazoelekezwa kwenye hisia na zinazoelekezwa kwenye tatizo. Karibu kila nilichokieleza hapa ni cha kundi la kwanza, na nina hofu na ushauri unaoishia hapo. Anayefanyishwa kazi za watu watatu hahitaji kupumua vizuri zaidi. Anahitaji kazi mbili ziondolewe. Anayepigwa nyumbani hahitaji kujifunza utulivu, anahitaji usalama. Ukiona unatumia njia hizi kila siku kwa sababu ya mtu mmoja au jambo moja lilelile, utulivu utakaoupata uutumie kulishughulikia jambo hilo: kuomba mkutano, kukataa, kuomba mpango wa kulipa deni kidogo kidogo, kuhama. Kwa lisilobadilika, kama ugonjwa usio na tiba au kifo, kundi la kwanza ndilo lako bila kujilaumu.

Na kuna hali ambazo si za kujichagulia peke yako. Kama huzuni, hofu au kukosa hamu ya chochote kumedumu wiki mbili au zaidi na kunakuzuia kazi, chakula au usingizi, nenda kwa daktari au mshauri nasaha. Ukipata mawazo ya kujiua au kujidhuru, usingoje hata siku moja: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na mwende pamoja hospitali. Ukifika, huhitaji maelezo marefu. Sema imeanza lini, inakuja saa ngapi, inapanda hadi alama ngapi, umejaribu nini, na kipi kimekusaidia japo kidogo. Kama kuongea kunakushinda, andika hayo kwenye karatasi ukiwa nyumbani na umpe aisome.